Ulimi wa Chumba cha Rangi

Wafiwa wenzetu, majirani, na ninyi mliotoka kiwandani mkiwa bado na nguo za kazi, familia inawashukuru kwa kuacha yaliyokuwa mikononi mwenu na kuja kukaa nasi. Karatasi hii inasomwa na kaka mkubwa wa marehemu, ambaye kwa miaka thelathini na minne alikuwa karani wa masjala, akazoea kuandika habari za watu bila kujitia ndani, kwa hiyo hata humu atajiita kaka yake, na mtamwia radhi. Marehemu mwenyewe ndiye aliyeagiza isomwe, tarehe 2 Oktoba mwaka huu wa 2005, akiwa amelala ubavu wa kushoto kwa sababu wa kulia ulikuwa umekataa, na aliweka sharti moja tu, kwamba kila kitu kiitwe kwa jina lake, asije mtu akasimama hapa akasema aliugua kwa muda mrefu halafu akaketi. Alisema, "Kaka, wale wa chumba cha rangi watakaa pamoja kama kawaida yao. Ni siku moja tu utawapata wote kumi na mmoja bila mashine kupiga kelele. Waambie."

Marehemu alizaliwa Jumatatu, tarehe 14 Machi 1949, akiwa mtoto wa nne kati ya watano, baba yake akiwa mlinzi wa milango ya maji ya mfereji mkubwa wa mashamba, na mama yake mshonaji. Nyumba yao ilikuwa hatua kumi na mbili kutoka ukingo wa mfereji, na watoto wote watano walijifunza kuogelea kabla ya kujifunza kufunga vifungo vya shati. Toka akiwa mdogo alikuwa na jicho la ajabu, mama yao alipokuwa akitafuta uzi wa kushonea kiraka alimwita yeye, akiwa na miaka mitano, naye alichagua katika kikapu uzi ambao ukishashonwa hungeuona tena.

Alianza masomo Januari 1957 na kumaliza darasa la nane Novemba 1964, hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, ila katika uchoraji hakuwa na mpinzani. Agosti 1959, kaka yake akiwa nyumbani likizoni kutoka shule ya bweni, mdogo wake huyu wa miaka kumi alimjia nyuma ya nyumba, uso umemshuka, akamwonyesha mchangani mkojo wake, ambao ulimalizikia kwa matone mekundu. Sharti la marehemu linamlazimisha kaka yake kutamka neno mkojo mbele ya wakwe na wageni wa heshima, na atalitamka mara nyingi kabla ya kumaliza. Kaka yake alicheka, akampiga begani, akamwambia, "Acha kulia wewe, umehitimu. Sisi sote tulihitimu hivyo hivyo." Ndivyo wavulana wa mferejini walivyoamini, kwamba ile nyekundu ni cheti cha kuacha utoto, na aliyekuwa bado hajakipata walimcheka. Inafaa isemwe pia kwamba huko bwenini ukutani palibandikwa picha kubwa ya konokono wa majini na mdudu wa kichocho, na kaka yake aliichora katika mtihani wa elimu ya afya na kupata alama zote, lakini haikumpitia hata mara moja kwamba picha ile ilikuwa inauzungumzia mfereji wa kwao.

Marehemu aliajiriwa katika kiwanda cha nguo cha mji huu Jumatatu, tarehe 3 Aprili 1967, na toka asubuhi ya kwanza alipelekwa chumba cha rangi, asitoke humo kwa miaka thelathini na saba. Ninyi wa kiwandani mnakijua, lakini wengine waambiwe, chumba hicho kina mlango mmoja, madirisha yake sita yamepakwa chokaa kwa kuwa jua kali hulidanganya jicho, na ndani mna mapipa manane ya chuma yanayochemka, kila moja limezidi kimo cha mtu. Mvuke hupanda, hugonga bati, hurudi kichwani ukiwa tone la buluu au la zambarau. Rangi ikishachemka haiachwi, ukigeuka dakika tano kitambaa kinatoka na mabaka, kwa hiyo mtu wa pipa huubana mkojo wake mpaka kengele ya saa sita, na kengele hiyo, kama mjuavyo, haina haraka na mtu.

Palikuwa na mashine ndogo ya kupimia ukali wa maji ya rangi, iliyoharibika mwaka 1968, ikafunikwa turubai ikingoja fundi, na mpaka leo iko chini ya turubai hilo. Marehemu aliteka maji ya pipa kwa upawa mrefu, akachovya ncha ya kidole, akakipuliza, akakiweka ulimini, akainamisha kichwa kama mtu anayesikiliza hatua nje, kisha akasema, "Chumvi bado, magadi yametosha." Hakukosea. Wasimamizi wanne walipita pale, na kila mmoja alikuwa akiwaambia wageni kwa majivuno kwamba wenzao wana vipimo, yeye ana ulimi, na hivyo ndivyo marehemu alivyopata jina ambalo wengi wenu mnalijua kuliko lile la kwenye cheti chake, Ulimi. Kuanzia hapo alionja kila pipa mara mbili kwa siku, na alipowafundisha wengine aliwafundisha kuonja, jambo ambalo aliliomba liandikwe hapa bila kupunguzwa makali, kwamba nusu ya mliopo mmetia kidole kinywani kwa sababu yeye aliwaambia ndiyo kazi.

Katika wiki yake ya tatu mkojo wake ulitoka rangi ya chungwa bivu. Aliogopa, akamwambia mzee wa pipa la kwanza, naye mzee akagonga mfuniko kwa koleo, akaita, "Njooni mwone, mwanetu leo amehitimu." Walimzunguka wakampa mkono mmoja mmoja, na msimamizi akamwambia, "Karibu. Sasa huna pa kukimbilia, umeshashika rangi yetu." Jumapili iliyofuata marehemu alimweleza kaka yake akicheka mpaka machozi, kwamba yeye ndiye mtu pekee aliyehitimu mara mbili bila kukaa kwenye mtihani. Kaka yake naye alicheka.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 17 Agosti 1974, na mshonaji wa idara ya vitambaa vya vitanda, ambaye ndiye mjane wetu tuliyenaye hapa, na Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kiume mwaka 1975, wa kike mwaka 1978, na kitinda mimba wa kiume mwaka 1982. Mwezi wa harusi walipewa nyumba ya kiwanda namba 17, ya vyumba viwili na ukumbi, yenye ufunguo wa shaba uliochongwa namba hiyo, na barua yenye mistari minne, ambayo kaka yake aliisoma kwa makini akaona mstari wa tatu unasema kwamba nyumba hii ni ya mhudumu wa chumba cha rangi kwa muda atakaokuwa katika chumba hicho. Si kwa muda atakaokuwa kiwandani. Kaka yake alimwonyesha kwa kidole, na marehemu akasema, "Kwani mimi naenda wapi?"

Alitaka kwenda, mara mbili. Juni 1983, baada ya mzee wa pipa la kwanza kufariki, na cheti chake cha kifo kuandikwa maradhi ya mkojo, marehemu aliandika barua ya kuomba kuhamia ufumaji, nayo ikajibiwa kwa mdomo, "Ukiondoka nani ataonja?" Mwaka 1994, baada ya kufariki aliyekuwa pipa la sita, kwa maneno yale yale kwenye cheti, aliandika tena, na safari hii alijibiwa kwa maandishi kwamba ombi linakubalika na ufunguo namba 17 urudishwe kabla ya mwisho wa mwezi. Mtoto wa kike alikuwa katikati ya masomo, kitinda mimba alikuwa na pumu, na mama yao mzazi, mjane tayari, alikuwa amehamia chumba cha pili. Marehemu aliikunja barua ile mara nne, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi, na meza ikatulia, akarudi kwenye pipa lake. Ilitolewa pale wiki hii, na tarehe yake ni 11 Aprili 1994.

Februari 2003 kiwanda kilikuwa kinatia rangi nyekundu kwa ajili ya sare za shule, mapipa yote manane, na ndipo marehemu alipouona mkojo wake umebadilika. Haukuuma. Alimwambia fundi wa pipa la tatu, ambaye mnamwita Mvuke na yuko pale mstari wa mbele, na Mvuke akamjibu, "Wewe na hizo sare sasa ni kitu kimoja, watoto watakuvaa." Walicheka, wakaendelea na kazi, na Mvuke asijilaumu, kwa sababu yeyote katika ninyi angesema vivyo hivyo, na kaka yake alisema mabaya zaidi nyuma ya nyumba mwaka 1959. Katika chumba kile mkojo mwekundu haukuwa dalili, ulikuwa utani, na ugonjwa ukakaa nyuma ya utani huo miezi kumi bila mtu kuubishia hodi. Muuguzi wa zahanati ya kiwanda alimpa vidonge vya mkojo mchafu mara tatu.

Aliyemshtua ni mkewe. Desemba 2003 marehemu alikuwa likizo, na siku ya kumi na saba mkewe alitoka chooni akasimama mlangoni, akamuuliza, "Mume wangu, pipa gani liko humu ndani? Siku kumi na saba hujakanyaga kiwandani." Marehemu akasema rangi hukaa mwilini. Mkewe akasema, "Hii haikukaa, hii imehamia," akavua aproni, akachukua kitambulisho cha hospitali kwenye droo.

Jumatatu, tarehe 19 Januari 2004, katika hospitali kubwa, baada ya kumpitisha kipimo cha kamera, daktari wa njia ya mkojo, mwanamke mwenye sauti ya chini, aliwaambia marehemu, mkewe na kaka yake kwamba ni saratani ya kibofu cha mkojo. Hilo ndilo jina lake. Kaka yake, kwa mazoea ya masjala, aliomba kujua sababu ili aiandike, na daktari alivuta kiti akakaa nao. Alieleza kwamba kibofu si bomba, ni chumba, mkojo hauvuki tu bali hukaa humo ukingoja kutolewa, na chochote kilichomo hukaa kikigusana na ukuta. Ile rangi iliyorambwa, na ile iliyopita kwenye ngozi na kwenye pumzi, iliingia katika damu, figo zikaijua kuwa ni taka zikaichuja, zikaitupa kibofuni, na humo ikangoja kengele ya saa sita pamoja na mwenyewe. Akauliza habari za utoto, na kaka yake ndiye aliyejibu, akautaja mfereji, na akaisema ile nyekundu ya mchangani na jina walilokuwa wakiiita.

Daktari hakumlaumu mtu. Alisema mayai ya mdudu wa kichocho hunasa katika ukuta wa kibofu, mengine hayapati pa kutokea, mwili huyazingira, hufanya kidonda na kovu miaka na miaka, na kila palipojeruhiwa mwili hujenga chembe mpya kwa kunakili za zamani. Alimtazama kaka yake akasema, "Mzee, wewe ulikuwa karani. Ukinakili barua ileile mara elfu moja, siku moja utakosea neno, na atakayenakili kutoka kwako atachukua na kosa." Kichocho kilimpa karani huyo kazi isiyokwisha, na rangi ikawa inamgonga kiwiko. Hakuna aliyeweza kusema ni lipi kati ya hayo mawili lililomaliza kazi, wala si kila aliyeogelea au aliyetia rangi huugua, lakini marehemu alikuwa amewekwa katikati ya kuta mbili, mmoja aliupata kabla ya kupata akili ya kuchagua, na wa pili alipewa pamoja na ufunguo wa nyumba. Kaka yake akauliza, kwa sauti aliyotaka iwe ya kawaida, kuhusu mtu aliyeogelea tu. Daktari akasema, "Naye aje." Kaka yake alikwenda wiki iliyofuata, akakutwa na makovu ya zamani na hakuna zaidi, na toka siku hiyo hajui la kufanya na bahati hiyo.

Marehemu alifanyiwa upasuaji tarehe 9 Machi 2004, kibofu kikaondolewa, na kwa mwaka mmoja alijikokota vizuri, kiwanda kikiwa bado hakijaudai ufunguo, akawa anakaa barazani na mfuko wake wa mkojo ubavuni, akiwaambia waliomtembelea kwamba sasa habani tena, yuko huru kuliko msimamizi. Juni 2005 ugonjwa ulirudi, ukiwa katika mifupa, na ndipo alipoomba vitu vitatu, kitambaa cheupe cha pamba, majani ya chai, na chupa ya wino mwekundu ya kaka yake, ile iliyokuwa ikitumika masjala kusahihishia. Kaka yake alidhani homa imepanda. Lakini alikaa siku sita, akichovya na kuanika dirishani, akatupa vipande vingi, akimwambia binti yake, "Hii imezidi damu. Hii imekuwa chai tupu. Si hii." Siku ya sita alisema ndiyo hii. Alikuwa ameitafuta rangi ya mkojo wake wa Februari 2003, siku ile ya kwanza, kabla haujawa mwekundu wa kumtisha mtu, na alisema katika maisha yake hajawahi kulinganisha rangi kwa uangalifu kama huo, na bila kuionja.

Alitengeneza vipande arobaini, kila kimoja upana wa vidole viwili, na juu ya kila kimoja binti yake aliandika neno moja alilomwamuru, Leo. Maana yake ni kwamba ukiona rangi hii, nenda hospitali leo, si kengele ikilia, si likizo ikifika, na ukifika useme unafanya kazi ya rangi, na kama uliogelea mferejini useme na hilo. Aliagiza pia kwamba asiwepo tena mtu wa kutia kidole kinywani, na kwamba turubai liondolewe juu ya mashine ile.

Marehemu alifariki nyumba namba 17 Jumanne, tarehe 8 Novemba 2005, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na sita, miezi saba na siku ishirini na tano, mkewe akiwa amemshika mguu na binti yake mkono.

Siku ya Alhamisi familia ilitembelewa na bwana wa utumishi kutoka kiwandani, ambaye yuko nasi, na tunamshukuru kwa kuja mara zote mbili. Alitoa pole, akaomba kwa upole aione karatasi hii, na baada ya kuiona akapendekeza kwamba panapoandikwa sababu ya kifo yatosha kuandika maradhi ya kawaida. Akaeleza pia kwamba binti wa marehemu, ambaye yuko idara ya upakiaji na amerithi jicho la baba yake, anatakiwa chumba cha rangi, jibu lake linangojwa Jumatatu, na akikubali ufunguo utabaki pale pale ulipo. Hakusema kwamba mambo hayo mawili yanahusiana, na kaka yake, kwa kuwa ni mtu wa kuandika kilichosemwa, haandiki kwamba alisema. Dada wa marehemu alitushauri tukubali, kwa sababu maneno hayamfufui mtu na mjane anahitaji paa. Mjane aliutoa ufunguo shingoni, akauweka mezani juu ya karatasi hii, akasema, "Shemeji, soma kama alivyosema. Chini ya paa hili nimekaa miaka thelathini na moja, na kila mwaka limelipwa kwa zamu zake pipani." Kwa hiyo imesomwa. Jibu la binti ni lake, halikuandikwa humu, na tunawaomba msimuulize leo.

Familia inamshukuru daktari aliyetuvutia kiti, wauguzi wa wodi ya tatu, muuguzi wa zahanati ambaye alikuja kulia nasi, majirani wa namba 15 na 19 waliotuchotea maji bila kuombwa, fundi Mvuke aliyekuwa akija kila Ijumaa kumnyoa ndevu, na wenzake wote wa mapipa manane.

Vile vipande viko katika bahasha hii. Binti yake atatangulia kuchukua kimoja, kisha bahasha itapita kwenu kumi na mmoja, na baada yenu kwa yeyote aliyelelewa karibu na mfereji, awe wa kiwandani au la. Kitazameni hapa hapa kwenye mwanga, kama alivyokuwa akitoka nacho kitambaa mpaka mlangoni kwenda kukitazama, na mpelekeeni mtu wa nyumbani naye akijue. Kaka yake anacho chake mfukoni toka Agosti.

Mdogo wangu, mwaka 1959 nilikudanganya bila kujua, na leo nimeyaita yote kwa majina yake kama ulivyotaka. Kengele imelia. Toka nje, upumzike kwa amani.